Mnyororo na Shafti

Mtu anunuaye pikipiki ya masafa marefu hununua vitu viwili kwa bei moja: mwendo wa siku njema na wokovu wa siku mbaya. Muuzaji husifu cha kwanza. Cha pili hapana budi mnunuzi akitafute mwenyewe.

Haja yangu ilikuwa wazi. Mama yangu ni mkongwe, naye akaa kijijini, mbali na mji wa Njombe. Mimi naishi Dar es Salaam, na umri wangu umepita miaka hamsini. Akiba yangu ilitosha pikipiki moja tu. Wenzangu wawili walikuwa tayari kuniuzia zao, na kila mmoja aliniazima yake kwa safari nzima kabla sijatoa fedha.

Moja ilikuwa BMW R 1250 GS, ya pili Honda CRF1100L Africa Twin, zote za mwaka 2020. Nasaba zao ni tukufu. BMW imetumia shafti na silinda mbili zilizopeana mgongo tangu R 32 ya mwaka 1923, na R 80 G/S ya mwaka 1980 ilizaa ukoo wa pikipiki za lami na vumbi. Jina la Africa Twin lilitokea mwaka 1988, Honda ilipokuwa ikitamba katika mbio za Paris–Dakar.

Katika lami niliipenda BMW zaidi. Silinda zake zimelala chini pembeni, hivyo uzito hukaa karibu na ardhi. Nilipopanda Kitonga nyuma ya malori, ilitii kila kona. Shafti yake imefungwa ndani ya kasha lake, haidai kukazwa wala kupakwa kila mara. Matairi yake hayana mpira wa ndani: msumari ukiingia, tundu huzibwa bila kuvua gurudumu.

Honda hudai utumishi. Mnyororo wake hutaka kusafishwa, kupakwa mafuta na kukazwa, na pancha humlazimu mtu kuvua gurudumu na kutoa mpira wa ndani. Nilipofika Iringa jioni, mwili ukitaka kitanda, mnyororo ulikuwa bado ukinidai haki yake.

Lakini lami ilipokwisha, mizani iligeuka. Gurudumu la mbele la Honda lina inchi 21, la BMW inchi 19. Lililo kubwa huvuka mifereji na mawe kwa wepesi zaidi. Tena, tangi likijaa, BMW ina kilo 249 na Honda 226. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya mfuko wa saruji. Katika kila safari nililaza pikipiki kwa makusudi uani kwa mama, kisha nikajaribu kuiinua. Silinda za BMW huizuia kulala kabisa, na hilo humsaidia mwinuaji. Hata hivyo nilihitaji mkono wa mpwa wangu. Honda niliiinua peke yangu.

Kuna jambo jingine. Ugonjwa wa mnyororo huonekana kwa macho: hulegea, hukauka, meno yake huchongoka. Mafundi wa bodaboda wanaujua, kama wanavyojua kuziba mpira wa ndani. Mnyororo wa ukubwa ule hauuzwi kijijini, lakini wa akiba waweza kuchukuliwa mkobani. Shafti huugua kwa siri, na tabibu wake yuko mbali.

Mama, aliyenitazama kutoka barazani, aliuliza swali moja: “Mwanangu, ni ipi itakayokuleta mvua ikinyesha?”

Nilinunua Honda. Asafiriye kwa lami tupu, akiwa na mwenziwe, achukue BMW bila wasiwasi. Atastarehe kuliko mimi. Lakini chombo cha safari hupimwa kwa saa yake mbaya. Saa njema huvipendeza vyombo vyote. Saa mbaya huuliza ni kipi ambacho mwenyewe, akiwa peke yake matopeni, aweza kukiinua na kukitengeneza.