Mabilioni ya Marvel na DC, na Mshkaji Ambaye Tiketi Yake Haikuhesabiwa

Ubishi wa Marvel na DC hauhitaji mwaliko. Posti trela ya Superman, ndani ya dakika tano mtu ameshaleta skrinshoti ya mapato ya Avengers: Endgame. Posti picha ya Thanos, mwingine anakuja na Heath Ledger na Oscar yake. Povu linatoka, emoji za kucheka zinarushwa, mtu anaambiwa “kalale”, na kesho yake yanaanza upya. Ni Simba na Yanga ya muvi. Tofauti ni kwamba kwenye mpira kuna dakika ya 90 na refa anapuliza filimbi.

Huku kwenye muvi filimbi ni hela. Mtu akizidiwa hoja anaingia Google, anachomoa namba na kuitupa mezani kama karata ya mwisho. Na karata zipo kweli, pande zote mbili.

Timu Marvel wanaanza na Endgame ya 2019, iliyoingiza karibu dola bilioni 2.8 dunia nzima. Wanaongeza Black Panther ya 2018, iliyopita bilioni 1.3 na kuwa muvi ya kwanza ya mashujaa wa vitabu vya katuni kuwania Oscar ya filamu bora, tena Lupita Nyong'o wa Kenya akiwa ndani. Timu DC hawakai kimya. Wana The Dark Knight ya 2008, iliyovuka bilioni moja na kumpa Ledger Oscar akiwa ameshafariki. Wana Joker ya 2019, bajeti chini ya dola milioni 75, mapato zaidi ya bilioni moja, na Oscar ya Joaquin Phoenix juu.

Hapo Marvel wanakukumbusha Justice League ya 2017. Batman yumo, Superman yumo, Wonder Woman yumo, na bado haikufika hata milioni 700. DC nao wanarudisha kwa The Marvels ya 2023, iliyoishia kama milioni 206, namba ndogo kuliko muvi zote za Marvel Studios. Usiku unaisha hivyo, kila mtu anaenda kulala akiamini ameshinda.

Sasa kuna grupu moja la WhatsApp, watu 11, wote wamekulia Mbagala. Siku hizi wametawanyika. Mmoja yuko Dodoma, wawili wameolewa, mmoja ni muuguzi, mwingine anaendesha bajaji. Kinachowaweka pamoja ni michango ya harusi, taarifa za misiba, na ubishi wa washkaji wawili ambao hawajawahi kukubaliana kuhusu muvi.

Wa kwanza ni Marvel damu. Yuko kitengo cha mauzo kwenye kampuni moja mjini, amehamia Sinza, na muvi kubwa ikitoka anaiona wikiendi ya kwanza. Taa za sinema hazijazimwa, yeye ameshaweka status ya tiketi na bisi.

Wa pili ni DC kufa na kupona. Ni fundi simu Kariakoo. Muvi anaziona kwenye simu, au kwenye flashi aliyojaziwa na jirani yake anayeuza muvi. Alikuwa hajawahi kukanyaga sinema, na wala hakuona kama ni tatizo.

Julai 2025 ilikuwa kama fainali. Superman mpya ilitoka tarehe 11, na The Fantastic Four: First Steps ya Marvel ikafuata tarehe 25. Wiki mbili tu katikati. Fundi alikuwa na furaha ya mtu ambaye timu yake imekaa miaka bila kombe. DC walikuwa wameanza ukurasa mpya chini ya James Gunn, na Superman ilikuwa inatembea. Fantastic Four nayo ilianza kwa kishindo, lakini wikiendi ya pili mapato yake Marekani yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 60.

Fundi akaipata hiyo habari asubuhi kabla hajapanga vifaa mezani. Akaitupia grupu na maneno matatu: “Mpeni pole jamaa.”

Watu wakacheka. Aliyeko Dodoma akatuma sauti ya mtu analia. Mshkaji wa Marvel alikuwa kazini, kwenye kikao ambacho bosi alikuwa anasoma majina ya wasiofikisha malengo ya mwezi, na jina lake lilikuwemo. Akashika simu chini ya meza na kuandika:

“Wewe na mapato wapi na wapi? Maisha yako yote umeangalia muvi za kibanda umiza na flashi. Hakuna hata senti yako kwenye hizo milioni. Kaa kimya wenye tiketi waongee.”

Grupu likanyamaza. Mmoja akatuma emoji ya macho mawili. Fundi hakujibu kitu. Saa mbili baadaye jina lake halikuwemo tena. Fundi ameleft.

Wengi walidhani kakasirikia utani, na utani kwenye lile grupu ni mzito kila siku. Watu wameshataniana madeni, talaka na upara. Walichosahau ni kibanda chenyewe.

Kilikuwa kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao, TV ya chogo juu ya meza, na joto la kupikia ugali. Kiingilio kilikuwa sarafu tu, lakini kwa mtoto wa darasa la sita sarafu ni mtaji. Aliyekuwa analipa ni kaka yake fundi, konda wa daladala. Akimaliza zamu anapitia kwao, anambeba mdogo wake, na anambeba pia yule rafiki wa nyumba ya pili, maana alikuwa halali akisikia wenzake wamekwenda bila yeye.

Hapo ndipo walipoiona The Dark Knight, ikiwa imetafsiriwa na DJ ambaye sauti yake ilifunika za wote. Kwa DJ yule Joker alikuwa mhuni wa Manzese aliyesoma kidogo, na Gotham ilikuwa na foleni kama ya Mbagala. Batman akiongea maneno mawili, DJ anatoa hotuba. Kibanda kizima kilikuwa kinacheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Walitoka pale giza limeingia, konda katikati, watoto wawili pembeni wamefunga mashati shingoni.

Miaka michache baadaye konda akazamia Sauzi. Alipiga simu mara mbili. Baada ya hapo kimya, mpaka leo. Fundi hana picha nyingi za kaka yake. Ana Batman.

Na aliyeandika ile meseji alikuwa amekaa benchi lile lile, kwa hela ya kaka yule yule.

Aliyevunja ukimya ni dada muuguzi, ambaye kwa kawaida huingia grupu kutuma namba ya kuchangia tu. Aliandika sentensi moja: “Kwani hizo hela mnagawiwa?” Kisha akamfuata mshkaji wa Marvel inboksi, huko nako sentensi moja: “Konda ndiye alikuwa anakulipia, au umesahau?”

Swali la kwanza la dada lina jibu, na jibu ni hapana. Hawagawiwi. Zile namba zinazopiganiwa ni mauzo ya tiketi kwenye majumba ya sinema, basi. Karibu nusu ya hela inabaki kwa wenye sinema, na studio inachukua iliyobaki, ambayo ndani yake inabidi kwanza irudishe gharama za kutengeneza, na bajeti ya kutangaza mara nyingi haimo kwenye ile namba ya bajeti unayoisoma. Kinachobaki kinakwenda Disney, walioinunua Marvel mwaka 2009 kwa dola kama bilioni 4, au kinakwenda Warner Bros., wenye DC. Shabiki aliyekesha akitetea hizo bilioni asubuhi anaamka na bando limeisha.

Halafu wenyewe huko juu wala hawana ugomvi. Ben Affleck alikuwa Daredevil wa Marvel mwaka 2003, kisha akawa Batman wa DC mwaka 2016. Ryan Reynolds alifeli na Green Lantern ya DC mwaka 2011, akahamia kuwa Deadpool na kupiga hela. Christian Bale, Batman wa ile The Dark Knight yenyewe, mwaka 2022 alikuwa adui wa Thor. James Gunn anayeongoza DC sasa ndiye aliyetengeneza Guardians of the Galaxy zote tatu za Marvel. Hata Thanos, fahari ya Timu Marvel, mchoraji wake Jim Starlin amekiri kwamba alichota kwenye ulimwengu wa New Gods aliouchora Jack Kirby kwa ajili ya DC, ule wenye Darkseid. Na Kirby alikuwa ametoka Marvel. Wachezaji, waongozaji na hata maadui wanahama timu kama mtu anavyobadili laini ya simu. Wanaobaki kununiana ni mashabiki.

Lakini kuna sehemu ambayo meseji ya mshkaji wa Marvel ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Kwenye hesabu za Hollywood, fundi hayumo. Kibanda umiza hakimo. Flashi haimo, link za Telegram hazimo, ile muvi moja wanayoangalia watu 20 kwenye simu moja stendi haimo. Mitaa mizima inamjua Batman, inamwiga, inamchora nyuma ya bajaji, na kwenye zile namba inasomeka sifuri. Kusema hivyo si kusifia muvi za wizi, maana waliozitengeneza wana haki ya jasho lao. Ni kusema tu kwamba namba ya mapato inapima nani alikuwa na hela ya tiketi na sinema iliyo karibu. Haipimi nani alipenda. Ukiitumia kumnyamazisha mtu, unakuwa umemwambia kwamba mapenzi yake hayahesabiki kwa sababu mfuko wake haukuhesabiwa.

Mtoto wa Mbagala anapomwambia hivyo mtoto mwenzake wa Mbagala, huo si ubishi wa muvi tena.

Jumamosi iliyofuata mshkaji wa Marvel alipanda daladala mpaka Kariakoo. Simu yake ilikuwa na ufa mdogo kwenye kona, wa tangu mwaka uliopita. Akaiweka mezani kwa fundi bila salamu ndefu. Fundi akaigeuza mara mbili.

“Hii mbona nzima?”

“Badilisha kioo.”

“Elfu sabini.”

“Si uliniambia elfu arobaini?”

“Hiyo ni bei ya DC.”

Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno. Kioo kilibadilishwa, hela ikatoka, na mshkaji wa Marvel akavuta stuli badala ya kuondoka. Akakaa. Wapita njia wakawa wanampiga vikumbo na mifuko. Baada ya muda akauliza, taratibu, “Bro vipi, kuna habari yoyote?” Fundi alikuwa ameinamia simu ya mteja mwingine. “Bado,” akasema. Wakakaa hivyo mpaka fundi alipofunga meza.

Jioni ile wakaenda sinema. Fundi alitaka Superman, lakini muda waliofika iliyokuwa inakaribia kuanza ni Fantastic Four. Mshkaji akatoa pochi. Fundi akamshika mkono. Alilipa tiketi yake mwenyewe, kwa hela ya kile kioo.

Alipotoka aliulizwa ameionaje. Akasema skrini kubwa, sauti kubwa, viti laini, kila kitu safi, ila imekosa DJ. Mwenzake akacheka mpaka akashika ukuta, maana na yeye kwa miaka yote ya bisi na status alikuwa anahisi kuna kitu hakipo na hajui ni nini.

Jumapili dada muuguzi akamrudisha fundi kwenye grupu. Meseji yake ya kwanza ilikuwa: “Nimeiona ya kwenu. Pole.” Ubishi ukaanza upya.

Kwa wanaopenda namba, mwisho wake ulikuwa hivi. Superman iliishia zaidi ya dola milioni 600, ikaongoza muvi zote za mashujaa mwaka 2025. Fantastic Four iliishia milioni 520 na kidogo. DC walichukua mwaka. Ila ndani ya zile 520 za Marvel kuna shilingi chache za fundi mmoja wa Kariakoo, shabiki wa DC, tiketi yake ya kwanza maishani kuingia kwenye hesabu. Amewachangia wapinzani, na hilo grupu halitamwacha alisahau.

Wewe je, timu gani? Na kabla hujaleta skrinshoti ya mapato, sema kwanza: muvi yako ya kwanza ya shujaa uliionea wapi, na nani alikulipia?