Ile D ya kemia

Mimi nilisoma Tanzania. Nilipomaliza kidato cha sita, matokeo ya mtihani ndiyo yaliyoamua kama nitaingia chuo kikuu. Hakuna aliyeniuliza nyumbani kwetu nani alichota maji wala nani alilala na njaa. Ukifaulu umefaulu.

Binti yangu amekulia California. Alipoanza kuomba Chuo Kikuu cha California, chuo cha umma chenye kampasi tisa za shahada ya kwanza, nilishangaa. Mtihani wa SAT hawautazami. Wanataka masomo 15 ya sekondari, kila moja la mwaka mzima na angalau C, halafu insha fupi nne, kila moja isizidi maneno 350. Alama zenyewe mwanafunzi anazijaza kwa mkono wake. Hati ya shule huitaka baadaye, akishapata nafasi.

Hapo shetani akaninong'oneza. Alipokuwa darasa la kumi, binti alipata D ya kemia. Nilimgombeza sana siku ile. Akarudia somo wakati wa likizo, akapata B. Katika kukokotoa wastani chuo kinahesabu ile B, lakini fomu inataka zote mbili ziandikwe.

"Mwanangu, andika B tu," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Watajua, mama. Hati ikifika, wataninyang'anya nafasi." Akanyamaza kidogo. "Na hata wasipojua, D niliipata."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniletea insha zake nimsomee. Moja ya maswali waliyopewa kuchagua huuliza kuhusu tatizo kubwa ulilopitia na jinsi lilivyogusa masomo yako. Alikuwa amelijibu hilo.

Aliandika kuhusu mwaka ule niliokuwa nafanya kazi za usiku, nikitunza wazee. Mdogo wake ana pumu. Nilijua kwamba dada mtu ndiye anayebaki naye. Nisichokijua ni kwamba alikuwa halali. Alikaa kando ya kitanda akisikiliza mtoto anavyopumua, dawa ya kuvuta ikiwa mkononi, mpaka aliposikia funguo zangu mlangoni. Kisha anaoga, anakwenda shule. Kemia ilikuwa kipindi cha kwanza.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungeacha kazi, mama. Kodi tungelipa na nini?"

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

D aliiandika, na B chini yake. Majibu yalipokuja, kampasi aliyoitamani zaidi ilimkataa, mbili zikamkubali. Sasa yuko mwaka wa kwanza.

Wazazi wenzangu, sisemi utaratibu wao ni bora kuliko wetu. Ila nimejifunza kwamba watu wasiomjua mwanangu walimuuliza swali ambalo mimi, ninayelala naye nyumba moja, sikuwahi kumuuliza. Mtoto akileta alama mbaya, kabla hujapaza sauti, muulize usiku analala saa ngapi.