Maua ya Mfungo Sita

Rabiul-Awwal, mwezi tunaouita Mfungo Sita, maana yake kwa Kiarabu ni machipuko ya kwanza. Basi kabla ya Maulidi, hapa Bagamoyo, tulioka na watoto vileja vya umbo la maua: unga wa mchele, samli, sukari, mayai na hiliki, makaa juu na chini. Tukawaambia, "Moto tutauangalia sisi."

Tukanogewa na mazungumzo, treya nzima ikaungua. Tukawakaripia watoto. Mdogo wao akasema taratibu, "Samahani ustadhi, si ulisema moto utauangalia wewe?"

Ilikuwa kweli. Moto ulikuwa amana yetu. Tuliwaomba radhi mbele ya wote, tukakanda unga upya. Nanyi mkikosea, msiwatupie wadogo lawama.