Thika na Ruiru kwa jicho la lenzi kuukuu

Je, umewahi kununua kitu cha mtumba ukapewa hadi Jumatatu kukirudisha kikiwa na kasoro? Hivyo ndivyo nilivyojikuta Jumamosi moja alfajiri nikiabiri matatu nambari 237 jijini Nairobi kuelekea Thika, binti yangu wa miaka 9 ubavuni, na mkobani lenzi nzito ya Nikkor ya milimita 200, ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimeilipia shilingi 9,000, pesa ambazo, sikufichi, mama watoto alikuwa amezitengea sare za shule.

Lenzi ya aina hii huvuta karibu vitu vilivyo mbali, lakini haijilengi yenyewe. Ni wewe uzungushe pete yake kwa vidole mpaka picha iwe wazi. Kabla hujalipa, imulike kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, achana nayo. Yangu ilikuwa na chembe mbili tatu za vumbi tu. Kwa miongo mingi Nikon walidumisha umbo la kifungio cha lenzi walilolianza 1959, hivyo mzee huyu alikaa sawasawa kwenye kamera yangu ya dijitali. Lakini kamera yenyewe ni ya bei nafuu na haikuweza kupima mwangaza ikiwa na lenzi hiyo. Ikawa ni kukisia, kupiga, kutazama na kukisia tena.

Tulianzia hoteli ya Blue Posts, iliyoko hapo tangu 1908, ambapo unapata maporomoko ya mto Chania upande mmoja na ya mto Thika upande wa pili. Ukienda na watoto washike mikono, mawe yana utelezi. Ng'ambo ya maji, mdiria alikuwa ametua kwenye tawi. Picha 11 za kwanza zilikuwa za ovyo: jani wazi, ndege ukungu mtupu. Kisha mikono ikatetemeka. (Kwa lenzi ya milimita 200, usipige kwa kasi iliyo chini ya sehemu 1 kwa 200 ya sekunde, la sivyo tafuta ukuta uegemee.)

"Baba, si utumie simu tu?" binti akauliza. Nilijaribu. Ndege akatoka nukta.

Mdiria akaruka zake. Binti akaomba kamera, akaketi, akalenga lile tawi tupu na kutulia. Nilikuwa karibu kumwambia twende tukanywe chai wakati ndege aliporudi palepale, kama wafanyavyo mdiria, na samaki mdomoni. Klik! Hadi manyoya ya kifua yalionekana. Mimi nilikuwa nikimfukuza ndege kwa pete, mtoto alimngojea.

Tukirudi Nairobi tulishuka Ruiru, kwani nilitaka kuijaribu lenzi juani. Huu ni mji wa kahawa. Mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima 1985 ili kukabili magonjwa ya kahawa, ilipata jina lake kwenye kituo cha utafiti cha hapa. Lakini sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858, na ya 2019 ikahesabu 490,120, nao hawalali juu ya mibuni. Lenzi ndefu hukaza umbali, kwa hiyo kwenye picha zangu magorofa yalionekana yameikalia kahawa mabegani.

Mzee mmoja aliyekuwa akilisha mbuzi kando ya barabara alitusimamisha. "Kijana, mbona wanipiga picha bila kuniuliza?" Kweli alikuwamo pembeni, nami sikuwa nimejali, lenzi ya kuona mbali hukufanya mwizi bila kujua. Nilimwomba radhi, nikaifuta picha mbele yake, nikampa kamera achungulie. Alizungusha pete polepole, mbele, nyuma, mbele kidogo.

"Hapo," akasema. "Penye gorofa lenye matangi meusi. Hapo ndipo tulipokuwa tukipimiwa madebe ya kahawa, mimi na mama yangu."

Akairudia pete mara nyingine, mbuzi wakivuka barabara peke yao.

Jumatatu sikwenda kwa muuzaji. Sare nilizinunua mwisho wa mwezi, baada ya maneno ambayo si ya kuchapishwa katika gazeti la familia.