Nyumba ya Lodwar na Wageni wa Kakuma



Ikitajwa hoteli ya kihistoria nchini mwetu, wengi huikumbuka Norfolk ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1904, ikalipuliwa kwa bomu usiku wa kuamkia mwaka 1981, kisha ikajengwa upya. Humo sijapata kulala. Ila hivi karibuni, nikiwa Turkana kuwazuru walimu wa madrasa, niliingia katika nyumba nyingine ya kihistoria iliyokarabatiwa.

Nyumba hiyo ni ndogo, nayo iko Lodwar. Ndimo alimowekwa Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1959, alipotolewa gereza la Lokitaung, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Kifungo chake kilikuwa kimekwisha. Alikuwa na paa, kitanda na chakula. Lakini kuondoka Lodwar bila idhini ya serikali hakuweza.

Kesho yake tuliendelea hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Kambi ya huko ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo wamo pia Wasomali, Wakongo, Waethiopia na Warundi. Baada ya swala ya alasiri, kijana mmoja aliyezaliwa kambini alitukaribisha chai ya tangawizi katika chumba chake cha matope na mabati. Mkeka ulikuwa mmoja. Akanikalisha juu yake, yeye akakaa chini. Nilipomwalika aje kwetu pwani, alitabasamu akasema, “Sheikh, nitakuja inshallah, nikipata kibali.”

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza kuwa ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Wahenga wetu nao wakasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kijana huyu jembe analitaka kwa mikono miwili. Anayelishikilia ni mwenyeji.

Mwezi Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Tuwaulize wawakilishi wetu umefika wapi. Na tusiwasahau Waturkana, waliowapokea wageni hawa ilhali wao wenyewe huyafuata maji mbali. Haki yao katika mpango huo nayo iulizwe.

Wabillahi tawfiq.