Ihumwa: Darasa la Zizini

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara iendayo Morogoro, hutakwenda mbali kabla ya kuifikia Ihumwa. Ni nchi kame ya uwanda wa kati: mibuyu, vichaka vya miiba, na masika moja tu kwa mwaka, nayo si ya kutegemewa. Leo reli ya kisasa inapita huko, na Mji wa Serikali wa Mtumba umekuwa jirani.

Huko ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, miongoni mwa Wagogo, watu wa ng'ombe, uwele na mtama. Kwa kijana wa zama hizo, darasa la kwanza lilikuwa zizi la baba; la pili lilikuwa moto wa jioni, wazee wakisimulia. Kusoma na kuandika kulimfikia kwa njia ya dini, mikononi mwa Wakatoliki.

Angeweza kuyaonea haya ya nyumbani. Hakuyaonea. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Baadaye akaitungia Injili utenzi wa Kiswahili. Ukoo na imani vikaandikwa kwa kalamu moja, hadi alipofariki mwaka 1969.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtaka kila mzazi ampeleke mtoto shule, na ni sheria njema. Lakini haikumwondolea mzazi zamu yake ya jioni. Sisi wa mijini, turudio nyumbani tumechoka, tujiulize: mtoto wetu akishika kalamu kesho, atakuwa amesikia nini kwetu cha kuandika?