Diski Isiyosomeka Si Diski Tupu

Chuoni kwetu ripoti za mazoezi ya kufundisha zilihifadhiwa katika kisanduku cha diski kilichounganishwa na mtandao wa kompyuta za ofisi. Mwaka 2023 umeme ulikiharibu, siku chache kabla ya alama za wanachuo kutakiwa. Tulitoa diski mojawapo, tukaiunganisha na kompyuta yenye Windows. Kompyuta ikadai diski ifomatiwe kwanza. Tulikataa, kwani kufomati ni kufuta njia ya kuyafikia yaliyoandikwa.

Yafaa tueleze sababu. Visanduku vingi vya namna hii huendeshwa kwa Linux, na diski zake hupangwa kwa mfumo kama ext4, ambao Windows yenyewe haiusomi. Diski ilikuwa imejaa. Msomaji wake ndiye hakujua lugha yake. Tuliihamishia kwenye kompyuta yenye Linux, tukaifungua kwa kusoma tu pasipo kuandika, tukanakili ripoti zote penginepo. Tulifaulu kwa kuwa diski mbili za kisanduku zilibeba nakala ileile. Lau ripoti zingegawanywa baina ya diski kadhaa, moja isingetosha.

Ndugu wanachuo, darasani mtamkuta mtoto asiyejibu. Msiharakishe kuandika kuwa hajui kitu. Mwulizeni kwanza kwa lugha na mifano aifahamuyo. Na ripoti zenu ziwekeeni nakala nyingine mahali pengine, kwani diski pacha za kisanduku kimoja huweza kuungua pamoja.